Gari lililotolewa oto: pedeli ya klachi inapozama na masta inapokufa mara kwa mara

Gari limetolewa giaboksi ya oto (inayobadili gia yenyewe), limefungwa manyuo (ya kubadili gia kwa mkono na klachi), limetoka gereji likiingia gia zote vizuri. Wiki mbili baadaye, katikati ya foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, pedeli inakwenda chini na hairudi. Fundi anafunga masta mpya, yaani silinda yenye pistoni inayosukuma mafuta ya klachi. Mwezi haujaisha, hadithi ni ile ile. Kwenye Mark II, Chaser na Altezza zilizogeuzwa hapa mjini, masta ya pili ikifa ndani ya mwezi, usiitafute ya tatu. Masta inauawa na kitu kilichopimwa vibaya, au ambacho hakikupimwa kabisa, na kitu hicho kwa kawaida kiko kati ya mguu wa dereva na ukuta wa injini, lile bati linalotenganisha injini na dereva.

Maelezo haya ni ya klachi za mafuta, zenye masta ya juu kwenye pedeli na masta ya chini kwenye giaboksi. Vipimo vya mfano ni vya Toyota za kawaida. Ukifungua gari jingine, kanuni ni zile zile ila namba zako zipime mwenyewe.

Isome pedeli kabla ya kushika spana

Pedeli yenyewe itakuambia tatizo liko wapi, ukiipa dakika tano.

Ukiikanyaga ukaishikilia, ikazama taratibu bila mafuta kuonekana popote nje, raba kuu ndani ya masta inapitisha mafuta nyuma. Ikiwa laini, lakini ukipampu mara tatu inapanda na klachi inaachia, kuna upepo. Ikibaki sakafuni kabisa na huoni uvujaji, angalia springi ya kusaidia mguu iliyo juu ya pedeli: kwenye Toyota nyingi springi hiyo, pedeli ikishapita katikati, inaisukuma kwenda chini. Mafuta yakikosa nguvu ya kuirudisha, springi inaishikilia huko huko. Watu hulaumu springi na kuing'oa, wakati kosa ni upepo au raba.

Zulia likilowa chini ya pedeli, raba ya nyuma ya masta imekwisha. Kunja kifuniko cha mpira pale rodi inapoingilia, upitishe kidole. Unyevu mwembamba wa mafuta yaliyopakwa kiwandani si tatizo. Tone jeusi linalodondoka ni tatizo, na ule weusi ni raba iliyosagika.

Kuna dalili moja inayodanganya mafundi wengi. Pedeli iko juu na ngumu, na klachi inateleza injini ikishapata moto, ingawa sahani ya klachi ni mpya. Kabla ya kushusha giaboksi, legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini. Mafuta yakiruka kwa nguvu bila mtu kukanyaga, na klachi ikashika upya, sahani haina kosa. Rodi ya pedeli ni ndefu mno: inaizuia pistoni isirudi mwisho, tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kikopo cha akiba linabaki limezibwa, mafuta yanapopata joto yanatanuka na kuisukuma klachi yenyewe kidogo kidogo.

Kutenganisha masta ya juu na ya chini ni rahisi. Fungua paipu kwenye masta ya juu na uzibe tundu kwa kizibo cha M10 × 1.0 chenye ncha inayokaa sawasawa. Toa upepo hapo kwenye uzi, kisha kanyaga. Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe na isizame kwa dakika nzima, masta ya juu ni nzima, shuka chini. Ikizama, umempata mwizi. Usiubane mpira wa klachi (paipu laini ya mafuta) kwa koleo ili kufanya kipimo hiki. Mpira uliokwisha kaa miaka unapasuka kwa ndani, na hapo umejiongezea kazi.

Ukuta unaonesa

Hili ndilo linaloua masta nyingi kwenye magari yaliyogeuzwa, na ndilo linalochekiwa mwisho.

Piga hesabu. Pedeli nyingi zina uwiano wa karibu 6 kwa 1: ukikanyaga kwa kilo 15, rodi inasukuma masta kwa kilo 90. Ukifunga presha pleti (sehemu yenye springi inayoibana sahani) ngumu inayohitaji kilo 25 za mguu, ukuta unapokea kilo 150, kila mara, mamia ya mara kwa safari moja ya Kimara hadi Posta wakati wa foleni. Ukuta wenyewe ni bati la takriban milimita moja. Ukuta ukinesa milimita 2, unapoteza milimita 12 za mwendo wa pedeli. Fundi anaona klachi haiachii vizuri, anairefusha rodi, na sasa ameanzisha ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Kuuona ni kazi ya watu wawili. Fungua boneti, injini ikiwa imezimwa. Mmoja anakanyaga taratibu hadi chini, mwingine anaweka ncha ya kidole nusu kwenye kitako cha masta na nusu kwenye bati la pembeni. Kitako kikitembea kuelekea mbele, kidole kitahisi kabla jicho halijaona. Kisha futa eneo lile kwa thina na brashi, uangaze taa kwa ubavu. Nyufa huanzia kwenye matundu ya bolti na kutawanyika kama miguu ya buibui, mara nyingi rangi imebanduka juu yake na kutu nyekundu imechora mstari.

Matengenezo yake:

1. Toa masta, pedeli na zulia lote la eneo hilo pamoja na sponji ya kuzuia kelele. Sponji hiyo inashika moto haraka. Mtu mmoja akae ndani na kizima moto au ndoo ya maji muda wote wa kuchomelea.
2. Tenganisha betri, na uchomoe soketi za kompyuta ya injini.
3. Mwisho wa kila ufa toboa kitundu cha milimita 3, ndipo uchomelee ufa. Bila kitundu, ufa utaendelea kutembea chini ya weldi.
4. Kata bati la chuma la milimita 3, kama sentimita 10 kwa 12, ulikunje lifuate umbo la ukuta. Likae upande wa ndani, kati ya ukuta na stendi ya pedeli, na matundu ya bolti zote yapite humo.
5. Chomelea kwa vipande vifupi vya sentimita 2 huku ukiacha nafasi, sehemu moja ipoe kabla ya kugusa nyingine. Ukichomelea mfululizo bati la ukuta linajikunja na masta itakaa upande.
6. Piga praima, rangi, na silikoni ya kuzuia maji. Mvua za masika zikiingia hapo, kutu itakula kazi yako yote.

Bati la kuongezea lisipofungwa pamoja na stendi ya pedeli halisaidii sana. Nguvu inatakiwa izunguke: mguu, rodi, masta, bati, stendi. Ukiimarisha ukuta peke yake huku stendi inaning'inia kwa nati moja ya juu, stendi ndiyo itakayonesa.

Pedeli, pini na rodi

Pima uwiano wa pedeli yako. Kutoka katikati ya mhimili wa juu hadi katikati ya kikanyagio, gawanya kwa umbali kutoka mhimili hadi pini ya rodi. Milimita 300 gawanya kwa 50 ni 6. Pedeli iliyotengenezwa kwa kukata na kuchomelea mara nyingi ina pini iliyosogezwa ili tu rodi ifike, na uwiano umekwenda 4 au 8 bila mtu kujua. Ukipata, kwenye spea za Shaurimoyo au Gerezani, seti ya pedeli za gari la aina moja lililotoka Japani likiwa manyuo, chukua seti nzima na stendi yake, pamoja na pedeli ya breki. Pedeli pana ya breki ya oto isibaki. Mguu wa kushoto unaonasa kwenye breki barabarani ni ajali.

Angalia tundu la pini. Likiwa limeliwa likawa na umbo la yai, milimita moja hapo ni milimita 6 kwenye kikanyagio. Usijaze weldi na kutoboa kwa macho: ingiza bushi ya chuma na pini mpya inayobana. Bushi za plastiki za mhimili wa juu badilisha zote mbili, uzipake grisi nyepesi.

Rodi iingie masta ikiwa imenyooka. Chungulia kutoka pembeni na kutoka juu, pedeli ikiwa nusu ya safari: hapo ndipo rodi inapaswa kuwa kwenye mstari mmoja na masta. Ikiingia kwa upande, pistoni inakwaruza ukuta mmoja wa silinda. Masta iliyokufa kifo hiki inajulikana ukiifungua: upande mmoja wa silinda unang'aa na una mikwaruzo mirefu, upande wa pili bado una rangi yake ya kijivu, na raba imeliwa upande ule ule. Ukiona hivyo, weka masta mpya pembeni mpaka unyooshe stendi au usogeze matundu.

Urefu wa rodi unawekwa hivi. Legeza nati ya kufungia, zungusha rodi mpaka kikanyagio, ukikisukuma kwa kidole kimoja, kitembee milimita 1 hadi 5 kabla rodi haijagusa pistoni. Ukiendelea kusukuma hadi uzito wa klachi uanze, jumla iwe milimita 5 hadi 15. Hivi ndivyo vipimo vya Toyota nyingi na vinafaa kuanzia. Kaza nati, kisha pima tena, maana rodi hupenda kuzunguka wakati wa kukaza.

Halafu kuna kizuizi cha chini. Magari mengi yaliyogeuzwa hayana. Pedeli inasimama pale pistoni inapogonga mwisho wa silinda, na dereva mwenye haraka anaigonga kwa uzito wa mguu wote. Pistoni ya masta ya chini inaweza kutoka kabisa na kumwaga mafuta juu ya giaboksi. Funga bolti yenye kichwa cha mpira kwenye sakafu au kwenye stendi, uirekebishe ili pedeli isimame huku pistoni ikiwa imebakiza milimita 1 au 2.

Masta ya juu na ya chini zikubaliane

Saizi imechorwa kwenye mwili wa masta: 5/8, 11/16, 3/4, 13/16. Ni kipenyo kwa inchi. Usinunue kwa kuangalia kama matundu ya bolti yanalingana tu.

Chukua masta ya juu ya 5/8, yaani milimita 15.87, na ya chini ya 13/16, yaani 20.64. Zidisha kila kipenyo kwa chenyewe: 252 na 426. Gawanya, unapata 0.59. Pedeli ikitembea milimita 140 kwa uwiano wa 6, rodi inatembea karibu 23. Zidisha kwa 0.59: masta ya chini itasukuma milimita 13.6. Klachi nyingi za kusukuma (beringi inasukuma vidole vya presha pleti, haivivuti) zinaridhika na 12 hadi 15, kwa hiyo hapo uko salama.

Sasa mtu anaona klachi haiachii vizuri, anafunga masta ya juu ya 3/4. Hesabu inatoa karibu milimita 19.6. Klachi inaachia, kweli, lakini vidole vya presha pleti vinasukumwa kupita kiasi, pistoni ya chini inakaribia kutoka, na mguu unahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 44. Nguvu hiyo ya ziada inaurudia ukuta ule ule dhaifu. Kama ukuta unanesa au tundu la pini limeliwa, tengeneza hivyo kwanza, na masta ya 5/8 itatosha.

Pima kwa vitendo: rula ya chuma kwenye uma wa klachi (mkono unaosukumwa na masta ya chini), mmoja akanyage, mwingine asome. Namba ya rula ikiwa chini sana ya namba ya hesabu, tofauti hiyo imepotelea kwenye ukuta, pini, upepo au mpira unaovimba. Shika mpira wa klachi kwenye kiganja wakati wa kukanyaga; ukiusikia unatanuka, badilisha. Na kama giaboksi yako ina klachi ya kuvuta, usichanganye beringi, uma wala presha pleti na za kusukuma.

Mafuta

Siku ya kushusha oto, gereji imejaa ATF, mafuta ya giaboksi ya oto. Chupa moja ya ATF ikimiminwa kwenye kikopo cha klachi kwa bahati mbaya, raba zote zinavimba. Dalili ya kwanza ni mpira wa kifuniko cha kikopo kuwa mkubwa kuliko kifuniko chenyewe. Hapo hakuna kuosha na kuendelea: masta zote mbili na mpira vibadilishwe, paipu ya chuma ioshwe kwa spiriti na ipulizwe. Kama klachi inachota mafuta kwenye kikopo cha breki, mfumo wa breki nao umeshaguswa, gari lisitoke nje. Petroli, dizeli na oili ya injini zina madhara hayo hayo, kwa hiyo usioshee raba kwa petroli.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Dar ina unyevu mwingi mwaka mzima. DOT 3 mbichi inachemka kuanzia nyuzi 205. Ikishavuta maji inashuka hadi karibu 140. Pedeli iliyo nzuri asubuhi na inayozama saa nane mchana kwenye foleni ina mafuta yanayochemka. Angalia paipu inapita wapi. Kwenye injini ya 1JZ, ekzosi iko upande wa dereva, palepale paipu inaposhukia. Iache mbali sentimita 5 au zaidi, uivalishe kinga ya joto.

Kufunga masta mpya na kutoa upepo

Unahitaji spana ya paipu ya 10, ringi ya 12, plaizi ya sakilipu (ringi inayozuia pistoni isitoke), mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa, bomba la sindano kubwa, na nusu lita ya mafuta. Masta ya aluminiamu iliyokwaruzika isisuguliwe msasa ili ifungwe seti ya raba, nunua nyingine.

Bana masta kwenye jiriwa ikiwa tambarare, jaza kikopo, sukuma pistoni taratibu kwa bisibisi butu hadi mapovu yaishe tunduni. Ifunge garini, anza uzi wa paipu kwa vidole mizunguko mitatu kabla ya spana. Uzi ukienda upande, masta mpya imekufa hapo hapo. Mafuta yakidondoka kwenye rangi, mwagia maji mara moja.

Kisha angalia skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini. Baada ya kugeuza, mara nyingi masta ya chini imefungwa kwa stendi ya kutengeneza na skrubu iko chini. Upepo hukaa juu, hautatoka hata ukipampu siku nzima. Fungua masta ya chini kutoka giaboksi bila kuitenganisha na mpira, igeuze skrubu iangalie juu, sukuma pistoni ndani mpaka mwisho na uizuie kwa kipande cha mbao. Pistoni isipozuiwa itaruka mtu akikanyaga. Sasa: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua robo mzunguko, anafunga, ndipo pedeli inaachiwa. Kikopo kisishuke chini ya nusu.

Mapovu yasipoisha baada ya mara 15 au 20, sukuma mafuta kutoka chini kwenda juu kwa bomba la sindano, ukipunguza kikopo kisifurike. Na tazama paipu yenyewe. Ikiwa imepindwa ikapanda juu kuliko masta kabla ya kushuka, pale kileleni upepo utakaa kila siku. Ikunje upya iteremke moja kwa moja.

Jambo moja la nyaya: wengi huunganisha moja kwa moja waya mbili za swichi ya P na N ya oto (iliyoruhusu kuwasha gari likiwa nje ya gia tu) ili starta izunguke. Gari hilo litaruka likiwashwa likiwa kwenye gia. Pitisha waya hizo kwenye swichi ya pedeli ya klachi.

Kupima mwisho

Vuta breki ya mkono, kanyaga, hesabu sekunde nne, ingiza rivasi. Isikwaruze. Kisha achia taratibu na upime pedeli ilipo gari linapoanza kushika: angalau milimita 25 kutoka mwisho wa chini. Rudia injini ikiwa na moto.

Rula ikisoma milimita 13 au 14 kwenye uma na rivasi bado inakwaruza, acha masta, kosa liko ndani ya giaboksi. Kwanza ulizia beringi ndogo ya nyuma ya krenki: injini nyingi zilizotoka na oto hazina, na mtu akisahau kuifunga, shafti ya giaboksi inayumba na kuburuta sahani. Kisha sahani yenyewe, kama imefungwa kinyume, kitovu kinagusa flaiwili. Kisha pini mbili za kuelekeza giaboksi kwenye bloku. Zikikosekana, giaboksi imekaa upande kwa sehemu ya milimita, inayotosha kuibana shafti.